Asubuhi Niliyobadilisha Chai

Binti yangu anafanya kazi Namanga, kwa wale mawakala wa kupitisha mizigo mpakani, na hunipigia simu Jumapili nikitoka kanisani. Huniuliza nimekula nini. Nikimwambia ugali na sukuma hucheka. Nikimwambia jana pia ilikuwa ugali na sukuma, hacheki. Jumapili moja, kabla mvua haijaanza, aliniambia hivi:

"Baba, variety is the spice of life. Badilisha kitu. Kitu chochote. Utazeeka umekaa hapo mlangoni kama mtungi."

Nilisoma mpaka darasa la saba. Kiingereza cha kazini nakijua kidogo, kwa sababu nilikata vitambaa kwa kiwanda cha nguo hapa Kitengela miaka kumi na minane, na wenye mali walikuwa wageni. Maneno yale nilikuwa nayajua moja moja. Yakija yote pamoja sina hakika nayo, kwa hivyo nikamwomba anieleze.

"Ni msemo tu," akasema. "Si mambo ya viungo vya chakula. Maana yake, mtu akifanya vilevile kila siku maisha yanakosa ladha. Akibadilisha-badilisha, yanapata ladha."

"Na kama hiyo moja ndiyo anaipenda?"

"Sasa umeanza, Baba."

Alikuwa na haki kusema hivyo. Huwa naanza. Mke wangu alikuwa ananiambia vilevile, na yeye alinivumilia miaka thelathini, kwa hivyo lazima kuna ukweli ndani yake. Nimekaa peke yangu tangu alipofariki, miaka minne sasa, katika chumba kimoja cha mawe kwenye ploti ambayo zamani ilikuwa malisho. Wapangaji wengine ni vijana. Wanatoka na giza na kurudi na giza, na sina lawama juu yao, mimi pia nilipokuwa kiwandani sikujua majirani zangu.

Lakini si kweli kwamba nilikuwa peke yangu kabisa. Nikiandika hivyo nitakuwa nimemdhulumu mtu mmoja.

Karibu na ploti yetu kulikuwa na kipande cha shamba ambacho hakijajengwa, na ndani yake chumba cha mabati na zizi dogo la kondoo. Alikaa hapo mzee Mmasai wa rika langu. Eneo lote hilo, mpaka barabara ya lami, lilikuwa la baba yake. Lilikatwa vipande, likauzwa, na familia yake ikahamia upande wa Kajiado, ng'ambo ya reli. Yeye alibaki kulinda kile kipande cha mwisho kisije kikaota nyumba ya mtu mwingine. Asubuhi moja, miaka mitatu iliyopita, alisimama mlangoni kwangu na fimbo yake na kuniuliza kama nimeona kondoo mwenye sikio jeupe. Sikuwa nimemwona. Nilikuwa na chai motoni, nikamkaribisha. Kesho yake akaja tena, na safari hii hakuulizia kondoo.

Alikuja kila siku. Alinieleza kwamba alipokuwa moran, kijana wa vita, hakuruhusiwa kula bila wenzake, hata maziwa, na kwamba mdomo wake ukazoea hivyo. "Nikikunywa peke yangu," alisema, "nasikia kama nimeiba." Chai yangu ilikuwa ya maziwa mengi, majani kidogo, sukari, basi. Yeye vikombe viwili, mimi viwili, na mkate tunagawana. Tulitaniana kama Mkamba na Mmasai yeyote, watu walioibiana ng'ombe tangu zamani. Nikilalamika juu ya mgongo angesema, "Ni ng'ombe zetu ulikimbia nazo ndizo zimekuvunja." Nami ningesema, "Zilikuwa za babu yangu, nilikuwa nazirudisha." Halafu tungekaa kimya saa nzima. Mimi nilidhani huo ni urafiki mzuri. Bado nadhani, ila sasa nadhani kwa uangalifu.

Tangu siku ile nilipofundishwa msemo wa binti yangu nilianza kuusikia kila mahali, kama vile ukishanunua viatu unaanza kuona viatu vya watu. Mama wa mitumba karibu na stendi alikuwa akiuita huku anapanga magauni. Kinyozi alikuwa akimtania mteja mwenye nyumba mbili, moja hapa na nyingine Isinya, na yule mteja akajibu kwa Kiingereza hichohicho, watu wakacheka mpaka wembe ukasimama. Hata mhubiri wetu aliusema, akieleza kwa nini Mungu hakuumba ua la rangi moja. Niliandika kwenye daftari ninaloandikia mambo yangu kwamba kila mtu anautumia msemo huu kwa kile anachouza. Baadaye nikafuta. Mhubiri hakuwa akiuza kitu, na yule mama wa mitumba lazima ale.

Nilimwambia jirani yangu pia, tukinywa chai.

"Nani walisema hiyo?" akauliza.

"Waingereza."

"Walikuwa na ng'ombe?"

"Nadhani walikuwa nazo."

"Basi walikuwa na mvua." Akapuliza chai. "Ile kiangazi kubwa, ng'ombe zangu zilikula majani, zikamaliza. Zikakula matawi. Zikakula katoni ya dukani. Kila wiki chakula ingine. Hiyo si ni kubadilisha?"

Msemo huu, nikaona, unamfaa mtu ambaye akibadilisha anaweza kurudi pale alipokuwa. Lakini sikutaka kumkosea binti yangu. Hakuwa anazungumza juu ya ng'ombe wenye njaa. Alikuwa anamwambia baba yake kwamba anamwona anakauka, na hana njia nyingine ya kusema kutoka mpakani. Kwa hivyo niliamua kumtii wiki moja, kwa haki, halafu nimweleze matokeo.

Jumatatu nilienda sokoni kwa njia ya nyuma. Niliona kwamba kumejengwa ukuta. Jumanne nilipika wali, na ukashika chini. Jumatano asubuhi mama wa duka, ambaye hunipimia sukari bila kuuliza, alinisikia nikiuliza kama kuna kitu kipya.

"Kipya cha nini, mzee?"

"Cha chochote."

Akanichekea, akachukua pakiti ndogo. "Masala ya chai. Tangawizi, iliki, mdalasini na pilipili manga. Weka nusu kijiko. Na ni nzuri kwa tumbo, usidhani ni ladha tu."

Niliweka kijiko kizima, kwa sababu nusu niliona ni woga.

Jirani yangu akaja kama kawaida, akaegemeza fimbo ukutani, akapokea kikombe. Akanywa mara moja. Akakiangalia ndani. Akanywa tena, polepole, kama mtu anayesikiliza.

"Hii iko na kitu," akasema.

"Iko," nikasema. Nilikuwa nimefurahi kwamba ameona. "Kunywa tu. Ni nzuri kwa tumbo."

Akakaa kidogo, kikombe kikiwa mkononi. Kisha akakiweka chini, kina chai nusu, akachukua fimbo yake, akasema anaenda kuangalia kondoo. Katika miaka mitatu sikuwahi kumwaga chai yake. Siku hiyo nilimwaga.

Kesho yake hakuja. Nikasema pengine ni kondoo. Siku ya pili hakuja, nikaenda mpaka kwake, nikakuta mlango una kufuli na zizi halina kitu. Nikampigia simu, nikaambiwa mteja hapatikani. Mama wa duka alisema alimwona Jumatano mchana akipandishwa kwenye pickup ya mwanawe, kondoo nyuma, blanketi mbele.

"Mmekosana?" akaniuliza.

"Sijui."

"Mtu anajua kama amekosana na mtu, mzee."

Mimi sikujua. Nilifikiria siku nyingi. Pengine alidhani namdharau, nampa chai ya kujaribia. Pengine alidhani sitaki aje tena, na nimemtengenezea chai mbaya niwe sijasema. Kuna watu hufukuza mgeni hivyo, na hakuwa mjinga wa kutojua. Pengine kweli ilikuwa mbaya. Niliionja tena, na siwezi kusema uongo, mimi niliipenda. Hilo ndilo lililonitia wasiwasi zaidi, kwamba nilikuwa nimefurahia kitu huku mwenzangu anaumia kwa kitu hichohicho, na sikuona.

Nilirudia chai ya zamani, lakini mkono wangu haukujua kupika vikombe viwili. Kila asubuhi ilikuwa vinne. Nilikunywa vitatu, cha nne kikafanya ngozi juu. Wapangaji walipita na vitafunio mkononi, "Shikamoo mzee," na mimi "Marahaba," na hayo ndiyo yaliyokuwa maneno yangu mpaka jioni. Jumapili binti yangu aliuliza kama nimebadilisha kitu. Nikamwambia nimebadilisha. "Na umeona?" akasema, kwa furaha kabisa. Nikamwambia nimeona. Sikumweleza, kwa sababu angejilaumu, na kosa halikuwa lake. Neno lilikuwa lake, kijiko kilikuwa changu.

Baada ya wiki moja na nusu nilivaa koti nikaenda Kajiado kumwomba msamaha na kumwomba arudi. Nilikuwa nimepanga maneno. Nilishuka mjini, nikauliza, nikavuka reli, nikauliza tena. Mtu wa tatu alijua boma lenyewe. Nililiona kutoka mbali: nyumba ya mabati yenye tangi la maji, uzio wa miiba, na mzee ameketi nje juani amejifunika shuka mbili. Nikadhani ni mtu mwingine. Nilikuwa karibu kabisa ndipo nikajua ni yeye.

Mke wa mwanawe alitoka, akainamisha kichwa nikiguse, kama wanavyofanya kwa wazee. Nilimgusa. Akasema, "Karibu, baba. Tumesikia habari yako." Alisema kwa heshima kubwa na sikuelewa kwa nini.

"Sopa," nikamsalimu mzee kwa Kimaasai.

"Ipa."

Akaniita nikae kando yake. Kwao habari haikatwi katikati. Aliniuliza kuhusu mvua ya Kitengela, kipande chake, binti yangu, mgongo wangu. Nikamjibu kila moja. Nikamuuliza kondoo, wajukuu, nyasi. Akanijibu. Chai ikaletwa, nyeupe ya maziwa, na nikaona anashika kikombe chake bila kunywa. Halafu akasema:

"Ulijuaje?"

"Nilijua nini?"

"Wacha hiyo. Tumbo." Akajigusa kwa juu juu. "Mwaka mzima nimeficha. Nimeficha mke, nimeficha hawa vijana. Asubuhi ile nikaonja mizizi kwa chai, na wewe ukasema ni ya tumbo. Nikasema, huyu mtu ameniona. Sisi tukiona mzee anaumwa na hataki kusema, tunachemsha miti tunaweka kwa supu yake, hatuongei. Anakunywa, anajua tumejua. Nikasema, kama mpaka Mkamba amejua, nimekwisha. Nikapigia kijana yangu simu hiyohiyo saa."

Mke wa mwanawe alikuwa amesimama mlangoni. "Tulimpeleka hospitali siku hiyo, baba," akasema. "Wamepata kitu. Wanasema bado ni kidogo. Anaenda Nairobi kuangaliwa ndani. Daktari alisema angekaa miezi mingine, ingekuwa maneno mengine. Mungu akubariki."

Naandika hapa kile nilichofikiria, kwa sababu hakuna mtu mwingine anayeweza kukiandika. Nilifikiria kunyamaza. Kilikuwa kitu kizuri mno wanachonipa. Nilikuwa nimekuja kama mkosaji na nimekaribishwa kama mtu aliyeona. Na kunyamaza hakungemuumiza yeyote, hospitali ilikuwa hospitali, ugonjwa ulikuwa ugonjwa. Halafu nikafikiria kwamba atanisifu kwa wazee wenzake, atasema kwamba nilikaa naye asubuhi zote na nikamjua mpaka ndani. Nikaona ningekuwa nakunywa sifa ya mtu mwingine ambaye hayuko.

"Sikujua," nikasema.

"Nini?"

"Sikujua unaumwa. Ilikuwa masala ya dukani. Binti yangu aliniambia nibadilishe kitu. Mama wa duka ndiye alisema ni nzuri kwa tumbo, mimi nikarudia maneno yake. Singejua hata ungeanguka."

Alicheka. Alicheka mpaka akashika ubavu, na mke wa mwanawe akacheka kwa sababu yeye anacheka. "Masala!" akasema. "Ngai! Nimekimbizwa Kitengela na masala!" Halafu kicheko kikaisha, na kilipoisha uso wake haukurudi mahali pake.

"Kwa hivyo hukuniona."

"Sikukuona."

"Miaka tatu."

"Tatu."

"Nilikuwa naacha mkate. Nilikuwa nakukatia kipande yangu, nasema meno. Hukuona."

"Niliamini ni meno."

"Nilikuwa nashika ukuta nikiinuka."

Hilo nililiona. Nililiona na kulipita, nikadhani ni uzee, maana mimi pia nashika ukuta. Nilimwambia hivyo.

"Basi ulikuwa unaangalia nini?" akauliza, si kwa hasira, kama mtu anayetaka kujua kweli.

Nikafikiria. Tulikuwa tunakaa upande kwa upande, migongo ukutani. "Barabara," nikasema.

"Hata mimi," akasema.

Sikuomba arudi. Yeye ndiye aliniambia, bila mimi kuuliza, kwamba mwanawe atajenga vyumba vya kupangisha kwenye kile kipande, na kwamba hata akipona hatarudi kukaa kwa mabati peke yake. Nikasema ni sawa. Ilikuwa sawa kweli. Mtu mgonjwa akae na watoto wake, na mimi kutaka arudi ilikuwa kutaka mwenye kunywea vikombe vyangu viwili. Nilisimama, nikaaga kila mtu kwa zamu, nikapewa chupa ya maziwa, nikaondoka.

Nilivuka reli nikafika stendi. Gari la Kitengela lilikuwa limebakisha nafasi mbili na wanaita. Nilikuwa nikihesabu njia nzima yote tuliyosema, kama ninavyofanya ili niyaandike sawa, na nisimwekee maneno ambayo hakusema. Mvua, kipande, binti, mgongo, kondoo, wajukuu, nyasi, hospitali, masala, barabara. Nikarudia tena toka mwanzo. Nilikuwa nimeambiwa kwamba rafiki yangu ana kitu tumboni mwaka mzima, na nikaeleza upande wangu, na nikaelezwa upande wake, na sikuwa nimemuuliza kinamuuma wapi, wala kinamuuma vipi.

Kondakta akasema, "Mzee, panda, tunatoka."

Nikamwambia aende.

Mke wa mwanawe aliniona kutoka mbali nikirudi, akaja mpaka langoni. "Baba, umesahau kitu?"

"Ndiyo."

Mzee alikuwa palepale, ila ameegemea upande mmoja, jinsi ambavyo hakuegemea nilipokuwa hapo. Aliponiona akataka kujinyoosha. Nikamwambia asijinyooshe. Nikavuta kigoda nikakiweka mbele yake, magoti yetu yakakaribia kugusana, na nikaona macho yake yana umanjano ambao sijui ulianza lini.

"Inauma wapi?" nikamuuliza.

Kisha akafungua shuka moja, ya pili, akashika mkono wangu na kuubana chini ya mbavu za kulia.

"Hapa," akasema. "Ikianza, inaanzia hapa. Ngoja, usitoe."